Hodhi la Uani

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo niliisikia tangu utotoni bila ya kuitia maanani, mpaka usiku mmoja nilipojikuta nimesimama juu ya barafu, uani kwa shangazi yangu mjini Toronto, ndoo mkononi, nikiyamwaga kwa hiari yangu maji ambayo bado yalikuwa na uvuguvugu.

Msomaji wa visiwani aniwie radhi nikianza na habari ya nyumbani, kwani bila ya hiyo habari ya ugenini haitaeleweka. Mwezi wa Disemba 2009 umeme ulikatika kisiwani Unguja kutokana na hitilafu iliyotokea Fumba, pale unapoingilia waya wa chini ya bahari utokao Tanzania Bara. Haukurudi hadi Machi 2010. Nilikuwapo. Si giza lililotutesa, maana giza tulikuwa tukilijua, na chemli zilikuwa bado zimo majumbani. Kilichotutesa ni maji. Umeme ukikatika pampu husimama, na pampu zikisimama mifereji hukauka. Mama yangu akiamka alfajiri kwenda kupanga ndoo kisimani, akirudi na moja kichwani na nyengine mkononi, kisha maji yakigawiwa kwa kata: haya ya kupikia, haya ya kutawadhia, haya ya kuogea. Aliyemwaga kata moja alisemwa siku nzima. Jioni barazani tukiulizana umeme utarudi lini, na jawabu ilikuwa ile ile: utarudi tu. Tuliizoea subira hata tukaiona kuwa ni elimu, na elimu hiyo ndiyo niliyosafiri nayo.

Nilifikia kwa shangazi mwaka 2011. Yeye alikuwa amekwishaishi Kanada zaidi ya miaka thelathini, na alikuwa na maradhi ya baridi yabisi. Akipenda kusema kwamba jina hilo walilitunga watu wa pwani kabla ya kuijua baridi yenyewe, na kwamba yeye alilijua neno kwao na maana yake akaikuta huko. Wakati wa theluji vidole vyake havikuweza kufunga kifungo, na kila ngazi ilikuwa ni mlima. Kwa ajili ya maradhi hayo marehemu mumewe, katika mwaka wa mwisho wa uhai wake, alimnunulia hodhi la kuogea maji ya moto akaliweka uani, nyuma ya nyumba.

Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ni mchezo wa matajiri. Hodhi lenyewe lilichukua lita 1,200 za maji, nayo yalikaa humo mchana na usiku katika joto la nyuzi 39, yakifunikwa kwa kifuniko kinene kama godoro. Nje theluji hufika magotini, na ndani mtu hukaa maji yakimfika shingoni, mvuke ukimpanda usoni. Shangazi aliingia kila jioni kwa robo saa. Alipotoka aliweza kushika sindano. Nilipokwisha kuyaona hayo sikuliita tena mchezo.

Lakini chombo hicho kina siri yake. Chini ya hodhi, nyuma ya ubao, mna pampu na kifaa cha kupashia maji moto, na mipira na mabomba membamba yaliyopindana kama utumbo. Umeme ndio unaoyazungusha maji humo. Ukikatika, maji ya hodhini hubaki na joto lake kwa muda mrefu, kwa kuwa ni mengi na yamefunikwa; ila yale machache yaliyomo katika pampu na mabomba husimama na kupoa upesi. Na maji yakiganda hayasinyai kama vitu vingi vifanyavyo, bali hufura: kila sehemu mia huwa mia na tisa. Bomba lisilokuwa na nafasi ya sehemu hizo tisa hupasuka, liwe la plastiki au la chuma.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Disemba 2013 ilinyesha Toronto mvua ya barafu. Si theluji, na si mvua ya mawe tuijuayo sisi. Ni mvua ya kawaida inayotoka katika hewa ya juu iliyo na joto kidogo, ikapita katika baridi iliyolala karibu na ardhi, na ikaganda pale pale inapogusa kitu. Kila kijiti kilivikwa bilauri. Mimi na shangazi tulikaa dirishani tukisikiliza matawi yakikatika mtaa mzima, moja baada ya moja, kwa mlio kama wa bunduki, na kila tawi lilishuka na waya wake. Kulipokucha wateja wapatao 300,000 wa mji huo hawakuwa na umeme, na sisi tulikuwa miongoni mwao.

Nyumba ilikuwa ikipashwa moto kwa gesi, lakini feni ya kuusambaza moto huo ni ya umeme, kwa hivyo ikapoa nayo. Kwa akili ya kwetu nililileta jiko la mkaa lililokuwa nje nikataka kuliwasha jikoni. Shangazi alinishika mkono. "Mwanangu, nyumba za kwetu zina matundu. Hizi zimezibwa. Ukiliwasha humu, kesho watatukuta tumelala." Alisema kweli, kwani siku zile wapo waliodhurika kwa hewa ya sumu ya mkaa na jenereta walizoziingiza ndani. Nililirudisha. Tukahamia chumba kimoja, mablanketi juu, kanga chini yake.

Kisha akaniambia: "Sasa kalimwage hodhi, kabla baridi haijashuka."

Ndipo nilipokosea. Nilimjibu kwa adabu zote, lakini nilimjibu. Nilimwambia maji bado yana moto, nimeyatia mkono. Nilimwambia kifuniko ni kinene. Nilimwambia, kama tulivyozoea kuambiana barazani, umeme utarudi tu. Aliniangalia, akasema hodhi ni kumbukumbu yake lakini mikono ya kulimwaga ni yangu. Mchana nilimpigia simu mama, nikamweleza nilichoambiwa. Yule aliyegawa maji kwa kata miezi mitatu alishtuka. "Maji ya moto mkayamwage? Lita elfu na mia mbili? Mwanangu, huko mmepatwa na nini?" Maneno yake yaliniingia kwa sababu ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu. Sikuwa nikilinda hodhi. Nilikuwa nikiilinda ile kata ambayo sikuthubutu kuimwaga nilipokuwa kwetu.

Siku hiyo nilikwenda uani mara nne. Kila mara niliinua pembe ya kifuniko, nikatia mkono, nikaona maji yana joto, nikarudi ndani nimetulia. Siku ya pili nilifanya vivyo hivyo. Baridi ilikuwa imeshuka sana, mbingu imesafishika, na barafu ya mitini iking'ara hata inaumiza macho. Maji yalikuwa yamepoa lakini bado yakipendeza mkononi. Hayo ndiyo yaliyonidanganya. Nilikuwa nikipima mahali pasipokuwa na hatari. Kule chini, nyuma ya ubao, palipokuwa na maji ya kujaza chupa chache tu, sikupatazama.

Usiku wa siku hiyo nilipatazama kwa tochi. Juu ya pampu palikuwa na ufa mrefu wenye mdomo mweupe wa barafu, kama kidonda kilichotiwa chumvi. Nilibaki nimechutama pale kwa muda, nikijua kwamba itanibidi niingie ndani kumwambia.

Aliposikia hakusema nilikwambia. Alisema: "Basi tuokoe yaliyobaki." Nikazima swichi ya hodhi kwanza, umeme usije ukarudi na kifaa cha moto kikawaka kikavu. Mfereji wa kutolea maji ulikuwa umeganda, nikachota kwa ndoo. Ndoo ya lita 20, mara sitini. Kila nilipomwaga, mvuke uliinuka na theluji ikafanya shimo, na kabla sijarudi na ndoo ya pili shimo lilikuwa limekwishapata ukingo wa kioo. Mikono ilikufa ganzi. Niliyokataa kuyafanya kwa kuhurumia maji nikayafanya maji yalipokuwa hayana faida tena kwa mtu yeyote, isipokuwa ndoo moja. Hiyo niliichanganya na birika la maji yaliyochemka katika jiko la gesi, tulilolikoka kwa kiberiti, nikamwekea shangazi atie miguu.

Umeme ulirudi tarehe 26 Disemba. Fundi aliyekuja baada ya mwaka mpya aliangalia, akasema mabomba yaliyo ndani kabisa hayawezi kukaguliwa mpaka barafu iyeyuke. Nilipomwambia mama, alinyamaza hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Kumbe maji ya huko yana meno."

Hodhi lilitengenezwa mwezi wa Machi.

Nilipohesabu ndipo nilipoona: Disemba hadi Machi. Miezi ile ile. Nyumbani, katika giza la 2009, mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema sana barazani juu ya watu waliojua kwamba kitu kimechoka wasikishughulikie mpaka kikafa. Nilisema kwa uchungu na kwa haki. Hapa nilikuwa nimeambiwa kwa lugha yangu, na mtu wa damu yangu, saa ile ile iliyofaa, nikangoja. Subira huvuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili ni methali zetu, na kazi ya mtu ni kujua ipi ina zamu. Unguja sikuwa na la kufanya ila kusubiri, nikaiita subira. Toronto nilikuwa na la kufanya, na nikaiita jina hilo hilo. Na walioumia hayakuwa matumbo yangu. Yalikuwa magoti ya mwengine.

Miezi mitatu hiyo kila usiku baada ya isha nilichemsha maji, nikayapima kwa kiwiko kama mama alivyokuwa akitupimia, nikambebea shangazi ndoo chumbani. Haikuwa robo saa shingoni. Ilikuwa miguu tu, na mikono kwa zamu. Hakupata kunilaumu. Akiniuliza jambo moja tu, kila usiku, kabla hajaitia miguu: "Umejaza mpaka juu? Usinipunjie." Nami nikimjibu: "Nimejaza, shangazi." Na nilikuwa nimejaza.