Namba Kubwa Juu ya Kartoni

Wewe mzazi, wewe kijana, na wewe uliye kule kwenye machimbo, leo sikuletei mahubiri. Nataka kukusimulia kosa langu moja. Ninasikia vijana wengi wanatamani kununua darubini ya kutazamia nyota, na sipendi makuta yao yapotee namna yetu ilitaka kupotea.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 2018. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kwenye mkutano wa vijana wa kanisa letu. Akatuambia kwamba sayari ya Zohali, ile shuleni wanaita Saturini, imezungukwa na pete, na kwamba mtu wa kawaida anaweza kuziona kwa macho yake akiwa na darubini ndogo. Basi vijana hawakutulia tena. Wengine walisukuma chukudu za viazi mpaka sokoni. Wengine waliuza maharage. Msichana mmoja alisuka watu nywele kila Jumamosi. Kufika mwezi wa tatu 2019 walikuwa na dola 60. Wakanipa mimi, sababu mimi ni Pasta wao, na sababu ninavuka mpaka mara kwa mara.

Katika mji mmoja ng'ambo, niliingia butiki moja. Pale juu kulikuwa kartoni yenye picha ya Zohali, kubwa sawa chungwa, yenye rangi za kupendeza. Na namba: «mara 525». Kando yake kulikuwa darubini ya macho mawili, ile tunaita jumeli, bila picha yoyote, imeandikwa 10x50 tu. Nikahesabu kama mtoto: 525 inapita 10. Nikatoa makuta yote.

Usiku ule tulikusanyika katika kiwanja cha kanisa. Nikaweka ile lenzi ndogo kabisa, sababu kitabu kilisema ndiyo inakuza zaidi. Tundu lake lilikuwa kama la sindano. Miguu mitatu ya chombo ilitetemeka kama mbuzi aliyezaliwa leo. Kila aliyeinama aliona giza, au mwanga uliokimbia mbele ya kuutambua. Vijana walinyamaza, wakanitazama. Nikasema: «Ni mawingu, watoto. Tungojee siku ingine.»

Msomaji, hayakuwa mawingu. Nyota zilijaa mbingu yote, kutoka Sabinyo mpaka upande wa Rutshuru.

Nikaficha kartoni chini ya kitanda. Wiki ya kwanza nilisema mawingu. Ya pili nikasema mvua. Kisha nikaanza kukwepa kile kikundi. Mwezi wa sita, mama wa yule msichana alinisimamisha njiani. Aliuliza kwa heshima, lakini aliuliza: «Pasta, ile makuta ya watoto iliingia wapi?» Sikulala. Niliona kwamba nilipoteza kitu kinachopita dola 60.

Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mbele ya vijana, nikasema: «Mimi nilidanganywa na namba. Kisha nikawadanganya ninyi kwa mawingu. Munisamehe.» Kimya kikubwa. Halafu yule msichana akasema: «Pasta, leta hiyo kitu tuione.» Yule mwalimu akaitwa. Hakutazama kartoni hata kidogo. Alisoma maandishi madogo kwenye mdomo wa bomba: kipenyo milimita 60, urefu wa mwanga milimita 700. Akacheka. «Pasta,» akasema, «chombo hiki si kibaya sana. Ni hesabu yako iliyokuwa mbaya.»

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo makuta yako yataokoka.

Wewe uliye Rubaya au Walikale unajua kwamba mnunuzi wa mawe mwenye akili hanunui kwa rangi. Anapima uzito. Kuna jiwe jeusi linalong'aa lakini si koltani. Darubini ni vilevile. Namba ya «mara ngapi» ndiyo kung'aa kwake. Uzito wake ni kipenyo, ndiyo upana wa lenzi ya mbele au wa kioo chake. Kipenyo ndicho kinakusanya mwanga. Lenzi ya milimita 50 inakusanya mwanga karibu mara 50 kupita jicho lako lililofunguka gizani. Kioo cha milimita 130 kinakusanya zaidi ya mara nne kupita lenzi ya milimita 60.

Na kukuza kunahesabiwa hivi: chukua urefu wa mwanga wa bomba, gawa kwa namba ya lenzi ya jicho. Yetu ilikuwa 700. Kwa lenzi ya 20 tunapata mara 35. Kwa lenzi ya 4 tunapata mara 175. Ukiongeza kile kibomba cha kuzidisha mara tatu, unafika 525. Kumbe kartoni haikudanganya hesabu! Ilinyamazia jambo moja tu: darubini haistahimili kukuza zaidi ya mara mbili ya kipenyo chake kwa milimita. Yetu ya 60 mwisho wake ni mara 120. Ukipita hapo unakuza ukungu na giza, kama mtu anayeongeza maji kwenye supu akidhani anaongeza nyama.

Mwalimu aliweka lenzi ya 20, ile niliyoidharau. Alifupisha miguu mitatu mpaka chini, na katikati yake akafunga mfuko wa mawe ili isitetemeke. Ilikuwa mwezi wa saba 2019, kiangazi, anga safi, na Zohali imepanda juu. Msichana wa nywele tulimpa nafasi ya kwanza. Aliinama, akakaa pale, hakusema neno. Mwisho wenzake wakamvuta nguo. Mukecuru mmoja jirani yetu, ambaye alikuja kutuuliza kwa nini tunapiga kelele usiku, naye akaangalia. Akasema: «Hii si nyota. Hii ni mtu amevaa kofia.» Ndivyo ilivyokuwa: kadogo kama punje, lakini pete inaonekana wazi.

Usidharau mara 35. Mwaka 1610 Galileo, kule Padova katika Italia, aliona miezi minne ya Mshtarii, ndiyo Jupita, kwa chombo cha mara 20 hivi.

Ukiwa na makuta kidogo, fanya hivi.

Kwanza, anza na macho matupu. Hapa tuko karibu na mstari wa Ikweta, tunaona nyota za kaskazini na za kusini pia, jambo ambalo watu wa Ulaya hawana. Jifunze Msalaba wa Kusini, na Orioni, na Kilimia. Orioni na Kilimia utayakuta yametajwa katika kitabu cha Ayubu. Hii haikugharimu hata franka moja.

Pili, kama makuta ni kidogo kabisa, nunua jumeli ya 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni kukuza, ya pili ni kipenyo. Haitakuonyesha pete za Zohali. Lakini utaona mashimo ya mwezi, na nyota nyingi za Kilimia pale jicho linaona sita au saba. Ukiegemeza viwiko ukutani utaona pia miezi ya Mshtarii. Na mchana inakusaidia kutazama ndege shambani.

Tatu, ukiweza kungoja na kuchanga, tafuta darubini ya kioo ya milimita 114 au 130, iliyokaa juu ya sanduku la mbao linalozunguka. Namna hiyo ilienezwa na John Dobson, aliyekuwa mtawa kule San Francisco, Marekani, na aliyefariki mwaka 2014. Alitumia mbao na mabomba ya kartoni ngumu. Tangu 1968 yeye na wenzake walikuwa wanaziweka kando ya barabara, kila mpita njia aangalie bure. Sanduku kama hilo seremala wetu yeyote anaweza kulitengeneza. Lakini vioo vya namna hii husogea chombo kikirushwarushwa juu ya pikipiki. Jifunze kuvinyoosha kwa vile vibolti vya nyuma.

Nne, usinunue miguu inayotetemeka. Gusa bomba kule butiki. Kama linacheza kwa muda mrefu, liache palepale.

Katika kutumia, anza na lenzi yenye namba kubwa kila mara, maana ndiyo inakuza kidogo na kuonyesha eneo pana. Kile kibomba cha kulengea kinyooshe mchana, kwa kutazama mti wa mbali. Toa chombo inje nusu saa mbele ya kuangalia, kipoe. Mwezi uutazame ukiwa nusu, usingoje ujae. Ukiwa nusu vivuli vinaonyesha milima na mashimo, ukijaa unawaka tu. Picha ikigeuka kichwa chini, usiogope, nyingi ziko hivyo. Kitu kikikimbia, ni dunia inayozunguka, si chombo kuharibika. Tochi yako ya kichwa, ile ya machimbo, ifunike kwa nailoni nyekundu, ili macho yasisahau giza. Vumbi lipulize kwanza, usisugue lenzi kwa kitenge.

Mambo mawili ni ya hatari, nayo nayasema kwa sauti kubwa. La kwanza ni jua. Usielekeze darubini wala jumeli kwenye jua, hata kwa kufumba na kufumbua. Linaunguza jicho, na jicho halirudi. Kile kioo cheusi kidogo cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho kitupe, sababu joto hukipasua. Mzazi, chombo kisibaki inje mchana na watoto.

La pili ni usalama. Katika eneo letu bomba juu ya miguu mitatu gizani linaweza kufanana na silaha. Sisi tulimwambia kwanza chefu wa mtaa na walinzi wa karibu, tukawakaribisha waangalie. Hatukuilekeza kamwe kwenye mpaka, wala kwenye kilima chenye watu. Kama mahali pako hapana utulivu, acha. Nyota zitangoja.

Tarehe 13 mwezi wa sita 2022 Bunagana ilitekwa na M23, na wengi wetu tulivukia upande wa Kisoro. Nilibeba watoto na godoro. Darubini ilibaki, na sikuiona tena. Nilihuzunika, lakini si kama nilivyodhani. Mwezi wa nane, katika kambi ya mapokezi ya Nyakabande, usiku mmoja nilisikia kijana wetu mmoja akiwaonyesha watoto wadogo nuru moja upande wa mashariki. «Ile pale ni Zohali,» aliwaambia. «Ina pete. Mimi mwenyewe niliziona.» Mtoto mmoja akabisha: «Nani alikuonyesha?» Akajibu: «Pasta wetu. Kwanza alitudanganya, kisha akatuonyesha.»

Nilikuwa nyuma ya hema, sikutokea. Lakini ile fungu la pili la maneno yake lilinifariji kupita mali yote niliyoacha.

Mwaka 2025 pete zile zilitugeukia ubavu, zikawa nyembamba kama uzi. Zinafunguka tena polepole, na miaka inayokuja zitapendeza. Basi una wakati wa kuchanga, kijana. Changa kidogo kidogo, soma maandishi madogo kwenye bomba, na namba kubwa ya kartoni iache butiki. Na wewe unayeshika makuta ya watoto, ukikosea, sema siku ileile. Mimi ilinichukua miezi mitatu.