Pikipiki ya Mwalimu

Wako wenzetu wasemao kwamba mwalimu aliyefunga tai hastahili kuonekana juu ya pikipiki. Sisi twaipanda kila juma kati ya Kasese na Bwera, mwendo upitao kilomita 50, wala hatuoni haya.

Msafiri wa motokaa huitazama nchi kupitia kiooni. Mpanda pikipiki huwa ndani yake. Pale Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, joto la tambarare hutupiga usoni, na tembo wa Hifadhi ya Queen Elizabeth hunukia kabla hajaonekana. Tukikaribia Bwera, upepo wa Rwenzori hupenya hadi mifupani.

Lakini faida yake hasa iko milimani, ambako motokaa haipiti. Pikipiki hupanda na mkungu wa ndizi, gunia la kahawa, au mwalimu na vitabu vyake. Mama mwenye uchungu, ambaye zamani angeteremshwa kwa machela mabegani mwa wanaume, leo mara nyingi huteremshwa kwa pikipiki. Si chombo cha mgonjwa, twakubali. Lakini usiku wa mvua nani atachagua? Hatari zake twazijua, ndiyo maana hatuivui kofia ngumu hata kwa safari ya sokoni.

Kuna faida nyingine inayotuhusu sisi walimu wa lugha. Mpondwe, mpakani, pikipiki za Uganda hukutana na za Kongo, na Kiswahili ndicho kinachopatanisha nauli. Wenzetu wa ng'ambo huiita moto, kwa kufuata Kifaransa. Mgeni akiambiwa apande moto, ana haki ya kushtuka!

Wanafunzi wengi nchini Uganda wamekua wakisikia kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wanyang'anyi. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo vinywa darasani vilibaki vimefumbwa. Siku moja tuliwauliza kwa nini pikipiki yetu inakohoa. Wavulana wa nyuma, ambao kaka zao hubeba abiria mpakani, walishindana kutaja: kabureta, cheni, klachi. Mmoja akasimama: "Mwalimu, plagi yake iko muchafu."

Tulimwacha amalize maelezo yake yote, kisha tukaandika ubaoni: chafu.