Shingo Ikiuma, Utazame Mzigo

Mimi ni bwana shamba katika wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Kwa miaka mingi nimewafundisha wakulima kulima kwa plau ili wasiumie migongo. Lakini nyumbani kwangu kulikuwa na kazi moja ambayo sikuitazama.

Kila siku mke wangu aliteka maji lamboni. Alijitwika ndoo ya lita 20, mara tatu kwa siku. Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Mzigo huo hubebwa na shingo. Shingo ina mifupa midogo 7 iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Misuli huishikilia. Kando ya mifupa hiyo hutokea mishipa ya fahamu iendayo mikononi.

Mke wangu aliposema shingo inamuuma, nilimjibu, "Kesho utapona." Kesho yake alirudi lamboni. Baadaye nikamwita mtu wa kunyoosha viungo. Aliivuta shingo na kuizungusha kwa nguvu. Maumivu yalizidi. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Asubuhi moja kikombe cha uji kilimponyoka mkononi. Hapo niliogopa.

Tulikwenda zahanati. Mganga alimpima, kisha akaniuliza mimi, "Bwana shamba, nani anabeba maji nyumbani kwako?" Nilinyamaza. Nilikuwa na punda wawili. Wakati wa mavuno walibeba pamba. Miezi mingine walikula majani tu.

Tulipelekwa hospitali. Huko mke wangu alifundishwa mazoezi. Nguvu za mkono zilirudi baada ya miezi minne. Sasa maji yanabebwa na punda, nami ninawaswaga.

Ndugu msomaji, maumivu mengi ya shingo hupoa katika siku au wiki chache. Shingo ikikuuma, fanya hivi:

1. Acha kujitwika mizigo.
2. Usilale kutwa. Geuza shingo polepole, kulia na kushoto.
3. Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza.
4. Lalia mto mmoja usio mrefu.
5. Usikubali shingo izungushwe kwa nguvu.

Nenda kwa mganga upesi kama mkono au mguu umekufa ganzi au umelegea, kama mkojo haushikiki, au kama uliumia kwa kuanguka. Shingo ikikakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huo huua haraka. Usingoje kesho.

Nanyi ndugu wa Geita na Kahama mnaobeba viroba vya mawe machimboni, maneno haya ni yenu pia.

Leo jioni, inua ndoo anayojitwika mama nyumbani kwako. Ukiona ni nzito, mtafutie punda, mkokoteni au baiskeli. Kama huna, beba wewe zamu yako.