Sekunde 120 za giza

Wiki hii sijaonekana kantini, na wanaosema nimepata mchumba wapuuzeni. Niko ndani nachora maboksi.

Ni hivi. Mimi ni mwalimu mtarajiwa, lakini muhula huu nimechukua kozi ya filamu kama somo la hiari. Kundi letu la watu wanne tumepewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya noir, dakika mbili tu. Noir ni Kifaransa, maana yake nyeusi. Wahakiki wa Ufaransa walizipa jina hilo mwaka 1946, baada ya vita, filamu za uhalifu zilizokuwa zinatoka Marekani. Zile za pama, moshi wa sigara na barabara zilizolowa.

Kabla hujashika kamera unachora storibodi, kila picha na boksi lake. Kwa sisi walimu hilo ni andalio la somo kabisa. Maboksi yangu yako 12 kwenye kauntabuku, watu wangu ni vijiti, sijali. Akitembea kwenda kulia boksi la 3, boksi la 4 asije akaenda kushoto, mtazamaji atadhani kageuza njia. Chini ya kila boksi naandika sekunde, sauti, na mwanga unatokea wapi. Hilo la mwanga ndilo linalokula usiku wangu.

Jamani, katafuteni Double Indemnity ya Billy Wilder (1944). Majina yanapita, na nyuma yake kuna umbo jeusi la mwanamume mwenye magongo, anakuja tu. Hana uso, hasemi kitu, anakuja mpaka anajaza skrini. Roho inakwenda mbio na hujui hata kwa nini! Wale walikuwa na mapazia ya vibao yanayochora milia ya kivuli ukutani. Sisi tuna nondo za dirisha la hosteli. Juzi niliweka tochi nje, nikazima taa, ukuta ukawa jela tupu. Mwenzangu wa chumbani akauliza kama luku imeisha.

Sasa ugomvi. Mwigizaji wetu ni rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza, na simu yenye kamera nzuri ni yake. Kwenye maboksi 9 ya mwanzo uso wake hauonekani: viatu, mkono, mgongo, kivuli. Anasema mama yake akitumiwa hiyo video hatamjua mwanawe. Anataka aanze kwa kutamka yeye ni nani na anamtafuta nani. Nikamwambia, ndugu yangu, ukishayasema hayo mtazamaji abaki anatafuta nini? Akachukua simu yake akaondoka. Jana nzima hapokei.

Maboksi 9 sijayagusa. Nimechora upya la 10: giza, halafu anawasha kiberiti. Sekunde 4, uso mzima, hakuna kingine kwenye skrini. Mama yake atamjua, na sisi wengine tutashtuka. Nikampiga picha ule mchoro nikamtumia.

Amejibu leo asubuhi: "Kiberiti nani ananunua?"

Kiberiti ninacho. Pama ndiyo sina. Mwenye babu anayevaa pama anitafute kabla ya Alhamisi usiku, tafadhali, nitairudisha bila vumbi.