Mizani ya Adhabu

Adhabu ni dawa ya jamii. Dawa ikipungua kipimo haiponyi, ikizidi, huua. Kwa hiyo kila mwenye mamlaka ya kuadhibu, awe mzazi, mwalimu au hakimu, hana budi kushika mizani kabla ya kutamka hukumu. Nataka, msomaji, tupime pamoja adhabu moja ya zama zetu: kifungo cha mdukuzi, yaani mtu aingiliaye au avurugaye kompyuta za wengine, atendapo hayo si kwa tamaa ya fedha bali kwa ajili ya siasa.

Tazama jambo lililotokea nchini kwetu. Mwezi wa Julai 2023, kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kilishambulia eCitizen, mlango wa mtandaoni ambao serikali ya Kenya hutolea huduma zake kwa maelfu. Kikundi kilidai kwamba Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Hakikuvunja kufuli kikaiba, kiliuziba mlango. Kompyuta nyingi ziliamriwa kubisha hodi kwa wakati mmoja, tena bila kukoma, hata mwenye haja ya kweli akakosa nafasi ya kuingia. Tarehe 27 Julai, waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alikiri kwamba shambulio limetokea, akasema hapana habari za watu zilizopotea.

Je, ni nani aliyeumia? Kikundi kilitaja serikali kuwa adui yake, lakini waliokwama ni waombaji wa pasipoti, wasafiri wa reli na wanunuzi wa umeme. Mfanyakazi wa hapa Nakuru arudiye kwake Kaptembwa jioni hana neno katika mambo ya Khartoum. Lakini tokeni zisiponunulika, giza ni lake. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Katika shule ya bweni niliyofundisha kwanza, upande wa Molo, vijana waliochukizwa na chakula walifunga bomba kuu la maji usiku. Mkuu wa shule hakuona kiu, maana nyumbani kwake palikuwa na tangi. Walioona kiu ni watoto wa kidato cha kwanza, ambao walikuwa wakila maharagwe mabovu yale yale. Manung'uniko ya vijana yalikuwa ya haki. Njia yao haikuwa ya haki. Mambo hayo mawili yalisimama pamoja, wala moja halikulifuta la pili. Walimu tulikubaliana waadhibiwe kwa ajili ya bomba, si kwa ajili ya kulalamika. Wakawatekea watoto wale maji juma zima, na maharagwe yakabadilishwa.

Sasa tugeukie upande wa pili wa mizani. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 iliweka faini kubwa, au kifungo kisichozidi miaka 3, kwa mtu aingiaye katika kompyuta bila ruhusa. Na kisichozidi miaka 5 kwa avurugaye kazi yake. Kompyuta ikiwa miongoni mwa zile zilizowekewa ulinzi maalumu, kifungo chaweza kufika miaka 20. Mtoto azaliwaye siku ya hukumu kama hiyo atakuwa mtu mzima kabla mfungwa hajatoka.

Kamba ndefu kiasi hicho ina kazi yake. Mwaka 2024, waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili wa Sudan kwamba ndio walioongoza kikundi kile. Walidai kwamba hospitali moja ya Los Angeles ilishambuliwa, hata wagonjwa wa dharura wakapelekwa kwingine kwa muda wa saa zipatazo 8. Likithibitishwa tendo kama hilo, sitamlilia mtendaji. Mgonjwa wa moyo hawezi kungoja siasa zimalizike.

Lakini kamba ndefu humnasa hata asiyewindwa. Tarehe 30 Mei 2025, mwanamke mmoja Mkenya, fundi wa programu, alikamatwa kwa kutengeneza tovuti iliyowasaidia wananchi kulipelekea Bunge barua za kuupinga Mswada wa Fedha. Alishtakiwa kwa sheria hiyo hiyo ya 2018, kwamba amevuruga kompyuta za kamati ya Bunge. Tarehe 20 Juni, mahakama ya Nairobi iliyatupa mashtaka, ikiona kwamba hayaonyeshi kosa lolote. Alikuwa amekwisha kulala korokoroni siku kadhaa.

Linganisha hodi hizo mbili, msomaji. Hodi za kikundi kile zilibishwa na mashine zisizo na haja, ili wenye haja wasiingie. Hodi za tovuti ile zilibishwa na raia wenye haja, katika mlango ambao Katiba yenyewe imewafungulia. Mwenye nyumba aweza kuchoshwa na zote mbili. Lakini uchovu wa mwenye nyumba si kipimo cha kosa.

Basi naona hivi. Siasa haimtakasi mdukuzi, wala haimwongezei uchafu. Kifungo chake ni cha haki kinapopimwa kwa maumivu ya watu: waliumia akina nani, kwa kadiri gani, na je, mtendaji alijua kwamba wataumia? Si cha haki kinapopimwa kwa hasira ya wakubwa waliokosolewa.

Ninyi mnaosoma maneno haya mna vidole vyepesi kuliko vyetu. Wengine wenu mtatengeneza programu, na wengine mtaketi katika viti vya mahakimu. Kabla hujafunga bomba, uliza nani atakayeona kiu. Na kabla hujamfunga mtu, uliza swali hilo hilo.