Magadi ya Gari

Kazi nyingi za mikono hujifunzwa kwa macho kabla ya kujifunzwa kwa vidole. Mimi kazi ya kutoa enjini ya gari nilijifunza kwa njia ya tatu, ambayo simtakii msomaji: nilijifunza kwa hofu. Mwaka ulikuwa 1979, nami nilikuwa kijana wa miaka 16, mwanafunzi kama wewe unayesoma maneno haya. Mwalimu wangu alikuwa ami yangu, ndugu mdogo wa baba.

Nyumba yetu ilikuwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Aujuaye mtaa huo anajua kwamba vichochoro vyake vilifanyizwa kwa ajili ya miguu ya watu, punda na mikokoteni ya mahamali, si kwa ajili ya magari. Walakini chini ya nyumba yetu palikuwa na ghala lenye mlango mpana ulioelekea njia ambayo gari dogo liliweza kupita. Kuta za ghala zilikuwa za mawe ya matumbawe, dari yake boriti za mikoko, na sakafu yake chokaa iliyopigwa tangu siku za babu. Zamani ghala hilo lilijaa magunia. Siku zangu lilikuwa gereji ya ami.

Ami alikuwa seremala wa vyombo kabla ya kuwa fundi wa magari. Katika ujana wake alitengeneza majahazi yaliyokuja Bandari ya Kale kwa upepo wa kaskazi. Vyombo vilipopungua, mikono yake iligeuka kutoka mti ikaenda kwenye chuma. Gari lake mwenyewe lilikuwa Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo. Watoto wa mtaa waliliita kobe. Gari la namna hiyo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, na ami, ambaye hakuna aliyepata kumwona akienda mbio, aliutaja ushindi huo kana kwamba ulikuwa wa jamaa yake wa damu.

Siku moja kobe alitutia aibu. Tulikuwa tumevuka kwa feri kwenda Likoni, na ilipofika zamu yetu kushuka na kukipanda kilima cha gati, enjini ilinguruma kwa nguvu zake zote lakini gari halikupanda. Nyuma yetu magari yalipiga honi. Waendao kwa miguu walitucheka. Mwisho mahamali wanne walitusukuma mpaka juu. Ami alilitambua gonjwa lile pale pale. Mafuta ya enjini yalikuwa yakivuja kwenye sili iliyo nyuma ya flaiwili, yakalilowesha bamba la klachi. Na bamba ambalo kazi yake ni kukamata, likawa linateleza. Sili yenyewe ni kitu kidogo cha bei ndogo. Lakini kuifikia hapana budi enjini itolewe, na kazi ile katika gereji ya mjini ilitaka fedha ambazo ami hakuwa nazo. Aliamua kuifanya nyumbani.

Habari ilipoenea barazani, kila jirani alikuwa na shauri. Nahodha mmoja mzee alisema kwamba kapi ifungwe juu ya boriti, enjini ivutwe kwa kamba kama shehena. Ami alimsikiliza kwa adabu, kisha akamjibu, “Boriti hizi zinachukua nyumba na waliomo, sitazitwika mzigo mwingine. Tena enjini ya gari hili haina mlango wa juu. Mlango wake uko chini.” Ndivyo ilivyo. Enjini ya gari hilo iko nyuma, haina rejeta wala maji, maana hupozwa kwa upepo wa pangaboi lake. Imeshikamana na giaboksi kwa mahali pane tu, viwili juu na viwili chini. Vifungo hivyo vikifunguliwa, enjini hurudishwa nyuma kidogo, kisha huteremshwa. Ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na gari zima lina karibu kilo 800. Nakuomba uziweke hesabu hizo moyoni, maana chuma kinachoshuka hakimjui mwenyewe.

Siku ya kwanza, baada ya adhuhuri, ami aliliinua gari upande wa nyuma kwa jeki ya magurudumu ili apime kama enjini itapata nafasi ya kupita. Halafu akakumbuka kwamba stendi zake mbili za chuma alikuwa amemwazima rafiki yake wa Makadara. Alichukua gurudumu la akiba, akalilaza chini ya ubavu wa gari, na juu yake akaweka vipande viwili vya mti mnene, masalio ya taruma la jahazi, vikakaribia kuligusa gari bila kuligusa. Nilidhani ni ushamba. Jeki ilikuwa imara. Gurudumu na magogo vya nini? Ami akaniambia, “Usiingie chini mpaka nirudi,” akaenda zake Makadara.

Msomaji, sitajipamba. Nilitaka ami arudi akute nati mbili za chini zimekwisha kulegezwa, aniite fundi mbele ya watu. Nilitandika gunia, nikachukua spana, nikajivuta chini ya gari mpaka ekzosi ikawa mbele ya pua yangu. Nati ya kwanza ilikuwa ngumu. Nilikaza mkono, nikavuta kwa nguvu, gari likatikisika, na papo hapo nikasikia sauti ambayo sijaisahau: mlio mdogo mkavu, kama kifuu kinachovunjika. Sakafu ya chokaa ilikuwa imepasuka chini ya magurudumu ya jeki. Gari likashuka. Lilishuka vidole vinne, likaangukia vile vipande vya taruma, likatulia.

Vidole vinne si kitu katika kupima nguo. Chini ya gari nilivihisi kuwa safari ndefu. Nililala kimya nikisikiliza moyo wangu, kisha nikajivuta polepole kwa visigino na mabega mpaka nikaona nuru ya mlango.

Ami aliporudi na stendi zake mabegani hakuuliza neno mara moja. Aliitazama jeki iliyozama, akayatazama magogo yaliyobeba gari, akaitazama shati yangu iliyojaa chokaa mgongoni.

“Ulikuwa chini?”

“Nilikuwa chini, ami.”

Aliketi barazani. Nilingoja kofi, na kofi halikuja. Baada ya kitambo alisema, “Jahazi likipwelewa, hulitilia magadi pande zote mbili ndipo watu wapite chini yake. Si hayo magadi mnayotia chakulani. Ni miti ya kuegemeza chombo kisilale. Nilipokuwa mdogo kuliko wewe nililiona jahazi lililosimama juu ya gadi lililochomekwa katika tope. Gadi lilikuwa zima. Tope ndilo lililosaliti. Mwenzetu aliyekuwa chini hakutembea tena kwa miguu yake.” Akanyamaza, kisha akaongeza, “Wewe una kosa la kutosikia. Mimi nina makosa mawili. Niliiweka jeki juu ya chokaa bila ubao, na nililiacha gari juu, na mtoto karibu nalo.” Mpaka siku ile sikuwa nimepata kumsikia mtu mzima akiyahesabu makosa yake mbele ya kijana, tena akayaona ni mengi kuliko ya kijana.

Kazi tuliianza upya asubuhi ya pili, nayo naieleza kwa utaratibu kwa kuwa kila hatua ilikuwa na sababu yake. Kwanza tulishughulika na ardhi. Jeki ile ilisimama juu ya magurudumu manne madogo ya chuma, na uzito wote uliangukia sehemu nne zisizozidi upana wa kidole gumba. Uzito ule ule ukitandazwa juu ya ubao mpana, kila sehemu ya sakafu hupata mzigo mdogo. Ndiyo sababu mwanamke mwenye kiatu chenye kisigino chembamba huchimba mchanga palipopita ngamia bila kuzama. Tuliweka mbao nene chini ya jeki, na nyingine chini ya kila stendi.

Pili tulizuia magurudumu ya mbele kwa vigingi vya mti, mbele na nyuma. Breki ya mkono katika gari hilo hukamata magurudumu ya nyuma, na magurudumu ya nyuma yakiwa hewani breki hiyo haizuii kitu. Tatu tuliinua kiti cha nyuma, ambacho chini yake ndipo ilipo betri, tukaondoa waya wake wa ardhi ili pasiruke cheche. Milango ya ghala tuliiacha wazi, ndoo ya mchanga ikawekwa karibu, na nahodha wetu akaombwa kwa heshima akavute sigara yake mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama nyoka mpaka uufikie moto usiouona.

Nne tulifungua waya za dainamo na za koili, na kebo ya mafuta kwenye kabureta. Kila waya ami aliufunga kitambaa cha rangi yake, vipande vya kanga kuukuu ya mama, ili kurudisha kusiwe kubahatisha. Mpira wa petroli ulipovuliwa, mdomo wake ulizibwa kwa penseli yangu ya shule. Kisha tukaliinua gari, tukaingiza stendi mbili chini ya sehemu zake ngumu, tukalishusha juu yake. Gurudumu la akiba na vipande vya taruma vilirudi mahali pao. Kabla ya mtu kuingia chini, ami alishika gari kwa mikono miwili akalisukuma huku na huku kwa nguvu. “Kama linataka kuanguka,” alisema, “na lianguke sasa, tukiwa nje.” Halikuanguka.

Ndipo aliponipa spana, akaniambia, “Ingia.” Niliingia, na sitaki kuficha kwamba mikono ilitetemeka. Nati mbili za chini zilifunguka. Baada ya hapo jeki iliwekwa chini ya enjini, na ubao kati yake, ikapandishwa mpaka ikaupokea uzito, nami nikatoka. Vifungo viwili vya juu ami alivifungua mwenyewe. Tuliivuta enjini nyuma kwa unyofu, bila kuiacha ining’inie, kwa kuwa mti wa giaboksi umeingia katikati ya klachi, na enjini ikiulalia huweza kuupinda au kuliharibu bamba. Ulipokwisha kutoka, ami alilegeza jeki kidogo kidogo. Hapana mkono wala mguu uliokuwa chini. Enjini ilishuka kama mzee anayeketi mkekani.

Nilidhani tumemaliza, nikataka kuivuta nje. Ami alinizuia. Alizunguka akazikagua stendi tena, moja moja, akasema, “Gari hili si lile la asubuhi. Tumelipunguzia kilo mia nyuma, sasa limeelemea mbele. Kitu kikibadilika uzito, utazame upya msimamo wake.” Ndipo tukaiburura enjini juu ya ubao wake, ikapita chini ya bampa na kutoka kwenye nuru. Adhuhuri ilikuwa ikiadhiniwa.

Sili mpya ilitiwa, na bamba jipya la klachi, na kazi ya kurudisha ilifuata njia ile ile kinyumenyume. Juma lililofuata tulivuka tena Likoni. Kobe alishuka kwenye feri, akakipanda kilima cha gati bila kusita. Ami hakusema kitu. Alikipigapiga kidogo kibao cha mbele kwa kiganja, kama mtu ampongezaye punda.

Miaka mingi imepita. Gari la mwisho la aina ile lilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, mwezi wa Julai mwaka 2003. Ami amekwisha kutangulia mbele ya haki. Magari yajayo siku hizi kwa meli katika bandari ya Kilindini ni ya namna nyingine, lakini mengi yao, yanayovutwa na magurudumu ya mbele, enjini yao nayo hutolewa kwa chini, na chuma hakijajifunza huruma. Kila nipitapo mahali ambapo mafundi hufanya kazi kando ya njia, naona miguu ya kijana imetokeza chini ya gari lililosimama juu ya jeki moja. Mimi husimama. Huulizia, “Kuna nini tena chini, mwanangu, isipokuwa jeki?” Wengine huniona mzee mwenye udhia. Wengine hutoka, wakatafuta gogo.

Kipande kimoja cha lile taruma ningali nacho. Kina shimo dogo upande mmoja, mahali ukingo wa gari ulipokiuma siku ile. Wajukuu wangu huniuliza kwa nini nakiweka kabatini pamoja na vitabu, nami huwaonyesha lile shimo, kisha huwaonyesha upana wa vidole vyangu vinne.