Mzigo wa Mwenzio

Nguvu ya mwili ni neema ambayo watu wengi huihesabu kuwa mali ya mtu mmoja. Mwenye misuli hutazamwa kama mti mkubwa uliosimama peke yake uwandani: mizizi yake, shina lake na kivuli chake ni vyake mwenyewe. Fikira hiyo ina kasoro. Mtu akilala chali juu ya benchi, akanyosha mikono na kupokea mtaimbo wa chuma wenye uzito upitao uzito wa mwili wake, nguvu zake zitamfaa mpaka zitakapokwisha. Na zikiisha, mtaimbo hautamwuliza umri wake wala idadi ya watu wanaomtegemea. Utashuka. Wako watu waliokufa kwa namna hiyo, shingo chini ya chuma, kwa kuwa hapakuwa na mkono wa pili karibu. Kwa sababu hii mchezo ambao kwa nje huonekana kuwa wa upweke, kwa ndani ni mchezo wa ujirani. Na chama cha mchezo huo si pambo, ni haja.

Mchezo wenyewe huitwa pawalifti, nao una minyanyuo mitatu tu. Wa kwanza ni kuchuchumaa na mtaimbo mabegani hata nyonga zishuke chini ya magoti, kisha kusimama wima. Wa pili ni kulala chali, kuushusha mtaimbo hadi kifuani, kuutuliza, na kuusukuma juu. Wa tatu ni kuuinua kutoka sakafuni mpaka magoti na mabega yanyoke. Kila mshindani hupewa nafasi tatu katika kila mnyanyuo, na uzito mkubwa aliofaulu katika kila mmoja hujumlishwa. Mtoto aweza kuyaeleza hayo yote kwa pumzi moja. Kuyatenda ni kazi ya miaka.

Mchezo huu ulikulia Marekani na Uingereza, kando ya unyanyuaji wa Olimpiki. Mashindano ya kwanza ya taifa la Marekani yalifanyika mwaka 1965 katika mji wa York, Pennsylvania. Shirikisho la dunia liliundwa mwaka 1972, na mwaka uliofuata ubingwa rasmi wa dunia ulishindaniwa Harrisburg, katika jimbo lilo hilo. Wanawake walipata mashindano yao ya taifa mwaka 1977 huko Nashua, New Hampshire, na ya dunia mwaka 1980 huko Lowell, Massachusetts. Vyuo vikuu navyo havikuwa mbali. Terry Todd, bingwa wa siku zile za mwanzo, alisomea shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Na mkewe Jan Todd, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wenye nguvu kupita wote duniani, alifundisha katika chuo hicho.

Hata hivyo pawalifti haikupata kuingia katika michezo ya Olimpiki, ila ule mnyanyuo wa kulala chali umo katika michezo ya walemavu tangu mwaka 1984. Chuoni Marekani mpira una makocha wa mishahara, viwanja vya maelfu ya watu, na wachezaji wanaolipiwa masomo. Wanyanyua vyuma aghalabu hawana hayo. Wakitaka chama, hawana budi kukijenga kwa mikono yao wenyewe, baina ya vipindi vya darasani.

Katika chuo kikuu kimoja cha nchi hiyo alikuwako binti mmoja, mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa pili, aliyeshika wazo hilo. Alikuwa akifanya mazoezi usiku katika ukumbi wa chuo, na kila alipohitaji mtu wa kusimama nyuma ya benchi alilazimika kumwomba mgeni. Wengine walikuja na macho yao yakabaki kwenye kioo. Baada ya miezi kadhaa aliwajua wanne waliotazama chuma na si kioo. Hao ndio waliokuwa chama, kabla chama hakijapata jina.

Taratibu za chuo zilitaka mambo manne: katiba, viongozi, mlezi kutoka miongoni mwa walimu, na hati iliyotiwa sahihi na kila mwanachama kuwa anajua hatari ya mchezo. Katiba iliandikwa kwa jioni mbili. Mlezi alipatikana kwa shida zaidi, mpaka mwalimu mmoja wa kemia, mzee mpole ambaye hakupata kuinua kitu kizito kuliko kitabu, alipokubali kwa sharti moja: kwamba aonyeshwe daftari la fedha kila mwezi. Sharti lile lilionekana dogo siku ile. Baadaye lilikuja kuwa nguzo ya nyumba.

Ofisi iliyosimamia ukumbi haikuupenda mchezo. Ilisema kwamba chaki hutapakaa, vishindo huwasumbua wasomao ghorofani, na sakafu itapasuka. Vijana wawili miongoni mwa wanne walitaka kwenda kubishana. Binti aliwazuia. Aliona kuwa mwenye ukumbi hana uadui, ana hofu. Na hofu haijibiwi kwa hoja, hujibiwa kwa matendo. Basi walileta mikeka mizito ya mpira, wakajifunza kuushusha mtaimbo badala ya kuutupa, na kila usiku baada ya mazoezi walipangusa sakafu kwa vitambaa vya maji, hata chaki ambayo haikuwa yao. Baada ya muhula mmoja ofisi iliwapa pembe ya ukumbi na saa mbili kwa siku tatu za juma. Chama kikapata makao.

Mwaka uliofuata wanachama walifika ishirini na zaidi. Wengi walikuwa wageni wa chuma kabisa. Hao walianzia kwenye mtaimbo mtupu, ambao una kilo 20, wakaongeza kidogo kidogo, kwa sahani mbili za kilo 1.25, moja kila upande. Haba na haba hujaza kibaba. Kilo mbili na nusu kwa juma huonekana si kitu, lakini anayeziongeza kwa miezi mitatu bila kukosa amejipatia kilo 30 ambazo hakuwa nazo.

Kabla ya kuruhusiwa kupakia uzito mkubwa, kila mgeni alifundishwa kwanza kumlinda mwenziwe. Alionyeshwa mahali pa kuweka vyuma vya kuzuia, ili mtaimbo ukishuka usifike shingoni. Alifundishwa kuuliza, kabla mnyanyuo haujaanza, mwenziwe atasukuma mara ngapi. Alikatazwa kuugusa mtaimbo mapema, kwa maana kuugusa ni kumnyang'anya mtu jaribio lake. Tena alikatazwa kuchelewa, kwa sababu inayojulikana. Baina ya mapema na kuchelewa ipo nafasi ndogo kama ukucha, na katika nafasi hiyo ndimo uaminifu wote wa chama ulimokaa. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walisema kweli juu ya desturi ya watu. Lakini mlinzi aliyesimama nyuma ya benchi hana ruhusa ya kuiona kilo 100 kuwa usufi, kwa kuwa baada ya kitambo kidogo yaweza kuwa mikononi mwake.

Mtihani wa chama ulikuja kwa njia ya fedha. Kwa ada na kwa kuuza fulana, kilikuwa kimeweka akiba ya kutosha kununua kitu kimoja kikubwa. Mwanachama mwenye nguvu kuliko wote, kijana aliyetazamiwa kufanya vyema katika mashindano ya taifa ya vyuo, aliomba mtaimbo wa mashindano na sahani zilizopimwa sawasawa, zifananazo na zile za siku ya shindano. Hoja yake ilikuwa nzuri: jina la mshindi huvuta wanachama, na wanachama huleta fedha. Wengine walitaka kiunzi cha pili chenye vyuma vya kuzuia, maana kilichokuwapo kilikuwa kimoja, na wageni waliokosa zamu walikuwa wameanza kuchuchumaa na kulala benchini mahali pasipo na kinga.

Mkutano ulikuwa mrefu. Kijana yule alisema kuwa chama kinachowatunza wadhaifu na kuwasahau wenye nguvu hakistahili jina la chama cha nguvu. Neno lile liliwagusa wengi. Ndipo mweka hazina, ambaye kwa kawaida hakusema, akalifungua daftari, akasoma si fedha bali orodha ya zamu: ni nani alisimama nyuma ya nani, siku gani, mara ngapi. Jina la kijana lilionekana mara nyingi chini ya mtaimbo, na mara tatu tu nyuma yake. Hakuna aliyecheka. Kura zilipigwa, na kiunzi kikanunuliwa.

Kijana aliondoka. Alijiunga na ukumbi wa kulipia mjini, na chama kilipoteza mtu ambaye hakikuweza kumpata mwingine mfano wake. Mgala muue na haki umpe: madai yake hayakuwa ya uongo, na katika mashindano ya mwaka ule chama kilishika nafasi ya chini kuliko mwaka uliotangulia. Uamuzi mwema hauna ahadi ya malipo. Mwenye kuutenda kwa kutazamia malipo atajuta siku ya kwanza.

Katika mashindano hayo, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Mtaimbo wake wa kuchuchumaa ulikuwa na sahani moja nyekundu kila upande, yaani kilo 25 mara mbili. Pamoja na mtaimbo wenyewe na vibanio vyake vya kilo mbili na nusu kila kimoja, jumla yake ilikuwa kilo 75. Waamuzi ni watatu, na kila mmoja ana taa nyeupe na taa nyekundu. Mbili zikiwa nyeupe, mnyanyuo umekubaliwa. Jaribio la kwanza zilitoka tatu nyekundu, kwa kuwa hakushuka kiasi cha kutosha. La pili, vivyo hivyo. Kwa kanuni uzito hauwezi kupunguzwa. Na akosaye mara tatu hutoka katika jumla, hata akiwa na nguvu za tembo. Alirudi nyuma ya pazia akitetemeka. Wenzake hawakumwambia kuwa ana nguvu. Walimwambia neno moja, ambalo alilisikia mara mia katika kile kiunzi kipya: ashuke mpaka mlinzi aseme. Hakuongeza uzito. Alirudi, akashuka, akakaa chini kana kwamba ana siku nzima, akasimama. Taa tatu nyeupe.

Jambo la mwisho na gumu kuliko yote katika chama cha wanafunzi ni kwamba wanafunzi huondoka. Masomo ya shahada ya kwanza huko huchukua miaka minne, na vyama vingi hufa pamoja na sherehe ya mwanzilishi wao. Binti yule alilijua hilo, akaacha uenyekiti mwaka mmoja kabla ya kumaliza, ilhali wote walimtaka aendelee. Mwaka ule alikaa kama mwanachama wa kawaida, akapangusa sakafu, akasimama nyuma ya mabenchi, akautazama uongozi mpya ukikosea mambo ambayo yeye asingeyakosea. Hakuugusa mtaimbo mapema. Lakini siku ambayo hati za hatari zilikuwa karibu kusahauliwa, na chama kikawa ukingoni mwa kufungiwa ukumbi, alinyosha mkono.

Kumbe kanuni ya benchi na kanuni ya uongozi ni moja. Anayemnyang'anya mwenziwe mzigo kabla ya wakati humfanya dhaifu. Anayemwacha nao kupita wakati humfanya maiti. Kuijua saa iliyo baina ya mambo hayo mawili si kazi ya misuli, wala haipatikani kwa mtu kujifungia chumbani na chuma chake. Hupatikana kwa kusimama mara nyingi nyuma ya mtu mwingine, mikono wazi, macho yakiutazama mzigo ambao si wake.